Mwambao wa maili kumi: mwenye nchi Unguja, mtawala London

Chukua hati yoyote ya serikali ya Kenya iliyoandikwa kati ya 1920 na 1963, usome jina la nchi juu ya ukurasa: Koloni na Himaya ya Kenya. Wengi huipita hiyo "na" kama pambo la makarani. Si pambo. Zilikuwa nchi mbili kisheria, zenye gavana mmoja, hazina moja na reli moja, lakini wenyewe wawili tofauti.

Koloni ilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Himaya ilikuwa ukanda wa pwani kuanzia Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, Manda na Pate, na mwenyewe alikuwa Sultani wa Zanzibar, aliyeitwa pia Seyyid. Mwingereza alikodi utawala tu. Kwa hiyo Mombasa, bandari ya Kilindini, Kilifi na Malindi zote zilikuwa nchi ya Seyyid, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka Desemba 1963. Treni iliyotoka Kilindini ilivuka mpaka wa nchi mbili kabla haijafika Voi, wala hakuna abiria aliyeamshwa kuonyeshwa mpaka huo.

Watu wa Pwani bado wanabishana kuhusu ukanda huu. Uliuzwa? Ulikodishwa kwa miaka mingapi? Nani alimpa nani? Majibu yamo kwenye hati chache tu, ila lazima zisomwe kwa mpangilio wake, maana kila moja ilijengwa juu ya ile iliyotangulia.

Maili kumi zilitoka wapi

Kabla ya 1886 hakukuwa na maili kumi. Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, alidai nchi kubwa zaidi, kwa kuwa misafara ya Unguja ilifika hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika. Lakini dai la biashara ni jambo moja, na liwali, yaani mwakilishi wa Sultani mjini, mwenye askari ni jambo jingine. Ujerumani ilipoanza kukusanya mikataba bara, iliundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ya kukagua mamlaka ya Sultani yanaishia wapi hasa. Sultani mwenyewe hakuwa na kiti katika makubaliano yaliyofuata. London na Berlin zilipatana Novemba 1886 kwamba nchi yake bara ni ukanda wa maili kumi kutoka alama ya maji kujaa, na zaidi ya hapo si yake. Barghash alikubali mwezi uliofuata kwa kukosa la kufanya.

Hapa ndipo hesabu za vijiweni hupotea mara ya kwanza. Maili hizo ni za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, hivyo upana wa ukanda ni kilomita 18 na nusu, si 16. Tena ukanda wenyewe haukuishia Kenya. Ulianzia Ghuba ya Tungi, kusini ya mto Ruvuma, ukapanda hadi Kipini kwenye mlango wa mto Tana. Kaskazini ya hapo Sultani aliachiwa visiwa vya Lamu na miji ya bandari tu: Kismayu, Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh, kila mmoja na duara lake dogo. Bara inayotazamana na Lamu haikuwa yake, ilikuwa ya Sultani wa Witu. Ndiyo maana mtu wa mji wa Lamu na mtu wa Witu, waliokuwa wakiuziana mahindi kila wiki, walijikuta katika nchi mbili tofauti kwenye karatasi.

Kukodi, kuuza, kukomboa

Ukanda huo ulikatwa vipande vitatu, na kila kipande kilikwenda njia yake. Kuvichanganya ndiko kunakozaa nusu ya ubishi wote.

Kipande cha kusini, kutoka Ruvuma hadi mto Umba, kilikodishwa Aprili 1888 kwa kampuni ya Wajerumani. Maofisa wake walipojaribu kushusha bendera ya Sultani na kukusanya ushuru kwa mabavu, Pwani iliwaka moto chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Serikali ya Ujerumani ikaingilia kati kwa jeshi, kisha 1890 ikakinunua kabisa kwa mark milioni 4, sawa na pauni 200,000 hivi. Hiki ndicho kilichouzwa. Kikumbuke kiasi hicho cha fedha, kitarudi.

Kipande cha kaskazini, yaani bandari za Benadir, kilikodishwa kwa Waitaliano na mwishowe wakauziwa 1905 kwa pauni 144,000.

Kipande cha kati, ambacho leo ni Pwani ya Kenya, hakikuuzwa kamwe. Mei 1887 Barghash alimpa mfanyabiashara wa Kiingereza William Mackinnon na wenzake haki ya kukiendesha kwa miaka 50: kukusanya ushuru, kuteua maofisa, kutoa hukumu, yote kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwaka uliofuata kundi hilo likapata hati ya malkia na kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ile miaka 50 ndiyo pekee iliyoandikwa katika hati za kipande hiki, na 1891 iliondolewa, ukodishaji ukafanywa wa kudumu. Anayekuambia leo kwamba Pwani ilikodishwa kwa miaka 50 au 99 na muda umekwisha, mwombe akuonyeshe ibara.

Kampuni ilikuwa na nchi kubwa na mfuko mdogo. Mapato ya forodha ya Mombasa hayakutosha kugharamia misafara ya Uganda, na mikataba ya zamani ya Zanzibar na mataifa ya nje iliufunga ushuru wa bidhaa zinazoingia kwenye asilimia 5, kwa hiyo kuongeza mapato haikuwa rahisi. Kufikia 1895 ilikuwa hoi, ikataka ilipwe ndipo iondoke.

Sasa tazama hesabu ilivyokwenda. Kampuni ilipewa pauni 250,000. Hazina ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilizobaki zilitoka kwa Sultani: ni fedha zilezile za Wajerumani, ambazo Waingereza walikuwa wamemwekea akiba. Yaani Sultani alitumia bei ya pwani ya kusini kuikomboa pwani ya kati kutoka kwa kampuni ya Kiingereza, kisha akaikabidhi pwani hiyohiyo kwa serikali ya Kiingereza.

Mkataba wa makabidhiano ulitiwa saini tarehe 14 Desemba 1895 kati ya Sultani Hamad bin Thuwaini na Arthur Hardinge. Kodi ya mwaka ilikuwa pauni 11,000. Juu yake Uingereza ilimlipa Sultani asilimia 3 ya zile 200,000, yaani pauni 6,000. Jumla 17,000. Ukiitazama vizuri, zaidi ya theluthi moja ya alichopokea haikuwa kodi ya nchi bali riba ya fedha yake mwenyewe. Baadaye malipo hayo yalikuwa kifungu katika bajeti ya Kenya, kodi na riba kwa Mtukufu Sultani, kila mwaka, kama mtu anavyolipa pango la duka.

Mpangaji mwenye funguo za mwenye nyumba

Mkataba wa 1895 ulisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, utawala wote wa ukanda unakabidhiwa kwa maofisa wa Uingereza: kodi, forodha, mahakama, polisi, ardhi ya umma. Pili, haya yote hayagusi enzi ya Sultani. Enzi ni ule umiliki wa juu kabisa wa nchi, na utawala ni kuiendesha. Kwa kawaida vinakwenda pamoja, lakini hapa vilitenganishwa kwa makusudi.

Kwa nini Mwingereza hakuichukua tu? Kwa sababu kuu mbili. Tangu 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wa Maskati na Zanzibar, na mataifa mengine yalikuwa na mikataba yao na Zanzibar, kwa hiyo kumeza ukanda kungefungua mazungumzo marefu. Ya pili ni gharama. Maliwali, makadhi na maakida walikuwepo tayari, wanajua watu, wanajua sheria, mishahara yao midogo. Mwenye akili ya biashara habomoi nyumba iliyo na wapangaji wanaolipa.

Ila ukodishaji huu ulikuwa na kasoro ambayo yeyote aliyewahi kupanga nyumba ataiona. Tangu 1890 Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Waziri mkuu wa Sultani, Lloyd Mathews, alikuwa Mwingereza. Hardinge, aliyetia saini kama mpangaji, alikuwa balozi mkuu wa Uingereza Unguja na wakati huohuo kamishna wa himaya mpya ya bara, akiiendesha kutokea Unguja. Mwenye nyumba na mpangaji walikuwa na wakili mmoja, na wakili huyo alilipwa na mpangaji. Aliyesahau hali hiyo alikumbushwa tarehe 27 Agosti 1896, pale Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ruhusa na manowari zikalipiga kasri la Unguja kwa dakika zisizofika hata saa moja.

Pwani nako makabidhiano hayakwenda kimyakimya. Mapema 1895 liwali wa Takaungu alikufa, na Kampuni ikamsimika mrithi iliyempenda badala ya jamaa yake mkubwa kwa umri, aliyestahiki kwa desturi ya ukoo wa Mazrui. Ugomvi wa kiti kimoja ukawa vita. Mbarak bin Rashid wa Gazi, aliyekwisha kupigana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, akaingia, na serikali mpya ikalazimika kuleta askari kutoka India. Aprili 1896 Mbarak alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Tangu hapo hakuna ukoo wa Mwambao uliopigana na Serikali kwa bunduki. Waliobaki na nguvu ni wale waliokubali vyeo.

Asubuhi chini ya bendera mbili

Julai 1895, Mombasa, Mathews aliwatangazia watu kwamba Kampuni inaondoka na serikali ya Malkia inaingia, na kwamba mambo ya dini ya Kiislamu na desturi za kale yataachwa kama yalivyo. Ahadi hiyo ya mdomo ilikuwa nzito Pwani kuliko ibara zote za mkataba, kwa kuwa waliisikia kwa masikio yao.

Namna ilivyotekelezwa ni hivi. Miji mikubwa, kama Mombasa, Malindi na Lamu, ilikuwa na liwali. Miji midogo ilikuwa na mudiri. Kila penye Waislamu wengi palikuwa na kadhi. Liwali alisikiliza kesi ndogo za madai na jinai, akakusanya kodi, akapeleka malalamiko ya watu juu na amri za Serikali chini. Kadhi alishika ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Pembeni yao, na kwa kweli juu yao, alikaa mkuu wa wilaya Mwingereza. Huko bara, ambako Serikali ilijiundia machifu, mtu aliyeitwa chifu mara nyingi hakuwa na mizizi ya cheo hicho. Liwali alikuwa nayo, mara nyingi akitoka ukoo wa Busaidi au Mazrui, na hati yake ya uteuzi ilibeba jina la Seyyid. Mshahara wake ulitoka Nairobi.

Sheria zilipangwa tabaka juu ya tabaka. Mtu wa Mji wa Kale aliyeoa, kuacha au kurithi alifuata madhehebu ya Shafii mbele ya kadhi, au ya Ibadhi akiwa wa watu wa Oman. Akiiba, alishtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoletwa pamoja na sheria nyingine za India kuanzia 1897. Akikopeshana na Mhindi wa dukani, ilitumika Sheria ya Mikataba ya India, na deni lilihesabiwa kwa rupia. Barua yake ilibeba stempu yenye kichwa cha Mfalme Edward. Na rufaa yake, ikiwa na fedha za kuifikisha mbali, ilitoka kwa kadhi ikaenda mahakama kuu, ikaenda mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, ikaishia Baraza la Mfalme London.

Hiyo ngazi ya mwisho haikuwa ya mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu wa familia kutoka Mombasa ilifika huko. Majaji wa London walifuata hukumu yao wenyewe ya 1894 kutoka India, iliyosema kwamba wakfu unaonufaisha kizazi cha mwenye mali kwa muda mrefu, na maskini wapate baadaye sana, ni batili. Wanazuoni wa Pwani walishangaa, kwani vitabu vyao vya fikihi vinaukubali wakfu wa namna hiyo. Ahadi ya kuacha dini kama ilivyo ilikuwa imetimizwa kwa kadhi, ikavunjwa juu yake bila yeyote kukusudia.

Utumwa ni mfano mwingine wa gharama ya karatasi hizi. Unguja na Pemba hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Aprili 1897 kwa amri ya Sultani. Lakini Mwambao sasa uliendeshwa na serikali nyingine, iliyokuwa imeahidi kutogusa desturi na iliyowategemea wenye mashamba kama maliwali wake. Huko amri ilingoja hadi 1907. Mtumwa wa Malindi alisubiri miaka kumi zaidi ya ndugu yake wa Pemba, na wote wawili walikuwa, kwa maandishi, raia wa Sultani mmoja.

Ardhi: pale karatasi ilipogeuka ukuta

Jambo lililoacha kovu refu kuliko yote ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Nia yake ilielezwa kwa urahisi: wawekezaji wanataka mashamba ya Pwani, hakuna anayejua shamba lipi ni la nani, basi wenye madai wajitokeze mara moja, wapewe hati, na kitakachobaki kijulikane.

Utaratibu ulikuwa huu. Serikali ilitangaza eneo. Kila anayedai alipeleka dai lake kwa mwamuzi wa hati ndani ya muda uliowekwa. Mpimaji alipima mipaka, mashahidi wakaitwa, nyaraka zikakaguliwa, nyingi zikiwa za Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zilizoandikwa na kadhi. Aliyefaulu alipata cheti, na vyeti vilikuwa vya aina tatu: cha umiliki, cha rehani, na cha maslahi, yaani haki ndogo juu ya ardhi ya mwingine. Ardhi isiyodaiwa, au iliyodaiwa kwa kushindwa, ikawa ardhi ya Mfalme.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ardhi ya Mfalme, ndani ya nchi ya Sultani. Iliwezekanaje? Kwa sababu 1895 Sultani alikuwa ameikabidhi kwa utawala ardhi ya umma, na sheria za ardhi za himaya ziliandikwa kujumuisha ardhi yote ya umma iliyo chini ya udhibiti wa Mfalme kwa mkataba wowote. Enzi ilibaki Unguja, na mashamba yakaenda Nairobi.

Utaratibu huo ulimfaa mtu mwenye hati ya kadhi, mashahidi wanaoheshimika na minazi yenye umri. Wasiofaulu walikuwa wa aina tatu. Mmijikenda hakuwa na hati, na ardhi yake ilishikwa na mbari nzima, ilhali sheria ilitaka jina la mwenye mali. Tena kilimo chake kilihama, shamba likalala miaka kadhaa lirudishe rutuba, na mpimaji aliyefika mwaka wa kulala aliandika kichaka. Wa pili ni aliyeachwa huru 1907, ambaye alikuwa akilima kwenye shamba la bwana wake wa zamani: alikuwa na jasho lakini hakuwa na cheti, watoto wake wakawa maskwota, yaani wakaazi wasio na hati. Wa tatu ni yule ambaye tangazo halikumfikia kabisa, au lilimfikia akaliogopa, kwani kila alipowahi kuandikwa jina na Serikali kilichofuata kilikuwa kodi ya nyumba.

Kwa Wagiriama mambo yalizidi. Serikali ilitaka kodi, vibarua kwa mashamba, na wahame kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha watu wasitoe vijana wala kodi, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Hakuna mahali katika ugomvi huo ambapo bendera nyekundu iliwafaa Wagiriama kitu.

Sheria ya 1908 iligongana pia na desturi ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua mpaka leo: nyumba bila ardhi. Kwa desturi ya Pwani, mnazi, nyumba na kiwanja vinaweza kuwa na wenyewe watatu. Unajenga juu ya kiwanja cha mwingine, unamlipa kodi ya ardhi, nyumba ni yako, unaiuza, unairithisha. Sheria ya Kiingereza inasema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Matokeo yake mitaa kama Majengo ilijengwa kwa udongo, boriti na makuti, kwa kuwa mwenye nyumba hakuthubutu kuweka jiwe juu ya kiwanja anachoweza kuambiwa akihame. Na kwa kuwa kazi ya kuamua madai haikufika kila mahali, sehemu za Pwani zilibaki bila hati kabisa. Anayefuatilia kiwanja cha zamani leo aanze na swali hili: eneo hili liliwahi kuamuliwa chini ya sheria ya 1908, na cheti kilichotoka kilikuwa cha umiliki au cha maslahi? Wengi hushika cheti cha maslahi wakidhani ni hati ya shamba. Sheria hiyo ilifutwa 2012, lakini vyeti vyake bado vinaletwa mezani.

Kugawanyika kwa 1920

Hadi 1920 bara na pwani ziliitwa kwa jina moja, Himaya ya Afrika Mashariki. Walowezi na serikali yao walitaka kukopa fedha nyingi katika soko la London, na koloni ilikopa kwa urahisi kuliko himaya. Basi bara likatwaliwa na kuitwa Koloni ya Kenya. Pwani haikuweza kutwaliwa, kwa kuwa ni ya Sultani, ikaitwa Himaya ya Kenya. Ndiyo ile "na". Cha ajabu ni kwamba bandari iliyobeba mizigo ya kulipa mikopo hiyo ilikuwa upande usiotwaliwa.

Mtu aliyezaliwa Nakuru akawa raia wa Mfalme kwa kuzaliwa. Aliyezaliwa Malindi akawa mtu wa himaya ya Mwingereza, si raia wake. Kwa maisha ya kila siku tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Kilichouma zaidi kilikuwa mgawanyo mwingine: nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Mwarabu alihesabiwa si mwenyeji, akalipa kodi tofauti na kufuata kanuni tofauti. Mswahili wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, aliyeoana na Waarabu hao, akasali nao na kukaa nao baraza moja, mara nyingi aliwekwa upande wa wenyeji. Kiti kimoja cha kuchaguliwa kilipotolewa kwa Waarabu katika Baraza la Kutunga Sheria kufuatia waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923, Thenashara Taifa walinyimwa kura, na ubishi ukaburuta hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndugu waligombana juu ya nasaba ambazo kabla ya hapo ziliulizwa wakati wa posa tu.

Siku mbili za Desemba

Uhuru ulipokaribia, zile karatasi za 1895 zilitolewa kabatini. Waliojiita watu wa Mwambao, wengi wao Waarabu na Waswahili, walisema kwa mantiki ya kisheria isiyo dhaifu: mpangaji akiondoka, nyumba inarudi kwa mwenyewe, haendi nayo jirani. Baadhi walitaka kurudi Zanzibar, wengine nchi yao wenyewe. Wamijikenda, ambao ndio wengi katika ukanda, hawakuwa na hamu ya kurudishiwa wenye mashamba. Na Kenya ya bara, pamoja na Uganda nyuma yake, haikuweza kukubali Kilindini iwe nchi ya kigeni.

Mwishoni mwa 1961 James Robertson, aliyetumwa na serikali za Uingereza na Zanzibar, alipendekeza mkataba wa 1895 uvunjwe na ukanda uungane na Kenya, kwa masharti ya kulinda mahakama za kadhi, hati za ardhi na mafunzo ya dini. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua zenye ahadi hizo: uhuru wa dini, makadhi kuendelea, maofisa Waislamu kadiri iwezekanavyo katika maeneo ya Waislamu, Kiarabu kufundishwa, hati za ardhi kutambuliwa. Siku tatu baadaye mkataba ulitiwa saini London. Hauna muda wa kuisha.

Ulisema enzi ya Sultani juu ya Pwani itakoma siku Kenya itakapopata uhuru, yaani 12 Desemba. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba. Kwa siku mbili, basi, Sultani Jamshid alikuwa mfalme wa dola huru, mwenye enzi juu ya Mombasa ambayo bado ilitawaliwa na Mwingereza. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, mapinduzi yalimwondoa Unguja. Laiti ukanda ungerudishwa kwake, swali la nani anaurithi lingeulizwa siku hiyo. Hoja hii haitajwi sana na wanaochambua hati hizi leo, pamoja na waliotaka Pwani ijitenge, waliopaza "Pwani si Kenya".

Katiba ya uhuru iliandika mahakama za kadhi, na ilizifunga ndani ya mpaka uleule: kadhi awe na mamlaka katika "iliyokuwa Himaya". Maili kumi za 1886 zikaendelea kuishi ndani ya ibara ya Jamhuri. Sheria ya 1967 ndiyo iliyozipeleka mahakama hizo nje ya ukanda, na Katiba ya 2010, ibara ya 170, ikaziweka kwa nchi nzima: Kadhi Mkuu na makadhi wasiopungua watatu, kwa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Mjane wa Garissa anayefungua leo faili la mirathi kwa kadhi anaingia kwa mlango uliowekwa kwa ajili ya watu wa Mombasa na Lamu, katika mapatano ya kumtoa Sultani kwenye nchi aliyokuwa akilipwa pauni 11,000 kwa mwaka.